Mordheim, Frostgrave, Warcry au Song of Blades: uanze na mchezo upi wa visanamu?

Swali huja kwa sura ileile. Watu wawili au watatu, Nakuru au Kisumu, wameona video za visanamu vya mashujaa na mazimwi vikipigana mezani, wamevutiwa, na sasa wamekwama. Pesa zilizopo zinatosha mchezo mmoja tu, na muda uliopo ni Jumapili alasiri. Minne ndiyo hutajwa zaidi: Mordheim, Frostgrave, Warcry na Song of Blades and Heroes. Kila shabiki atakuapia kwamba wake ndio wenyewe.

Yote minne inafanana kwa juu. Una kikosi kidogo cha wapiganaji, mara nyingi chini ya kumi na watano, kila mmoja akisogea kwa hiari yake badala ya kupangwa safu kama jeshi. Kuna uchawi, magofu, na hazina ya kugombania. Tofauti zinajitokeza ukishaketi mezani. Nitailinganisha kwa mambo matano: jinsi zamu inavyokwenda, mbinu za uwanjani, vifaa na gharama, kinachowapata wapiganaji wako mchezo ukiendelea wiki hadi wiki, na mahali ambapo kanuni huzua ubishi. Sitayapa uzito sawa. Watu wengi huchagua kwa picha ya jalada, ilhali kinachokufurahisha au kukuchosha ni zamu: nani anasogea lini, na mwenzake anafanya nini wakati huo.

Zamu inavyokwenda

Mordheim, uliotoka kwa Games Workshop mwaka 1999, unafuata mtindo wa zamani. Unasogeza kikosi chako chote, kisha wote wenye silaha za kurusha wanarusha, kisha mnapigana ana kwa ana, ndipo zamu inavuka. Ni rahisi kukumbuka. Ubaya wake ni kwamba mwenzako anaweza kuketi dakika kumi akikuangalia unavyompangia mauti. Wengine wanaupenda utulivu huo, maana ni muda wa kuusoma uwanja. Wengine hutoa simu.

Frostgrave, wa Joseph McCullough, ulichapishwa na Osprey mwaka 2015, na toleo la pili likafuata 2020. Huu umevunja zamu vipande. Kila raundi mnarusha dadu kuona nani aanze, kisha inakuja awamu ya wachawi, ya wanagenzi wao, ya askari, na mwisho ya viumbe wasio na mwenyewe. Katika awamu yake mchawi anaweza kuondoka na askari hadi watatu walio ndani ya inchi tatu kutoka kwake, na mwanagenzi vivyo hivyo. Kanuni hiyo ndogo ndiyo roho ya mchezo. Askari aliye karibu na mchawi anasogea mapema, na aliyetupwa pembeni anangoja hadi karibu mwisho wa raundi. Mtu akishaielewa, anaanza kupanga kikosi chake tofauti kabisa.

Warcry, wa Games Workshop pia, mwaka 2019, ni wa kupokezana: mpiganaji mmoja wangu, mmoja wako, kila mmoja na vitendo viwili. Mwanzoni mwa raundi kila mchezaji anarusha dadu sita. Zinazobaki peke yake ndizo zinazoamua nani aanze, na zilizofanana, mbilimbili au tatutatu au nnenne, zinalipia uwezo maalumu. Kwa hiyo ukirusha vizuri kwa kuanza, umekosa nguvu, na kinyume chake. Sijaona mchezo mwingine uliofanya bahati mbaya iwe na faida kwa uzuri namna hii.

Song of Blades and Heroes, wa Andrea Sfiligoi kupitia Ganesha Games, mwaka 2007, unakwenda kama kamari. Ukitaka mpiganaji afanye kitu, unachagua kurusha dadu moja, mbili au tatu. Kila dadu inayofikia kiwango chake cha Ubora ni kitendo kimoja. Lakini dadu mbili zikishindwa kwa pamoja, zamu yako imekatika hapo hapo na mwenzako anaanza, hata kama nusu ya kikosi chako haijagusa chochote.

Hali moja, michezo minne

Tuseme mko kwenye magofu ya kuta za mawe, mfano wa zile za Thimlich Ohinga kule Migori zilizojengwa bila udongo wala saruji. Uani kuna sanduku la hazina. Mwenye upanga wako yuko inchi nane kutoka hapo. Mwenye upinde wa adui amesimama juu ya jengo, inchi kumi na nne kutoka kwenye sanduku. Unafanyaje?

*Mordheim.* Binadamu wa kawaida anakwenda inchi nne, na akikimbia inchi nane, mradi hakuna adui ndani ya inchi nane anapoanza. Kwa hiyo unaweza kulifikia sanduku kwa pumzi moja. Tatizo ni kitakachofuata. Kwa kawaida mrushaji lazima amlenge adui wa karibu zaidi, ila aliye juu zaidi ya inchi mbili kutoka mezani anachagua anayemtaka, na atakutaka wewe. Mwenye upinde wa kawaida anahitaji 4 au zaidi kwenye dadu ili akupige. Kwa sababu umbali umepita nusu ya masafa ya upinde wake, inakuwa 5, na ukiwa nyuma ya ukuta inakuwa 6. Kati ya 5 na 6 kuna tofauti ya kupigwa mara moja kwa tatu au mara moja kwa sita. Ndiyo maana mzoefu hakimbii. Anasogea inchi nne, anaishia nyuma ya ukuta unaomkinga kweli na macho ya yule wa juu, na anatangaza kwamba amejificha. Aliyekimbia haruhusiwi kujificha zamu hiyo. Wageni wengi husahau hilo, kisha hulia.

Na kama una mwenye upinde wa kwako, mlenge yule aliye ukingoni mwa jengo. Akiangushwa au akizimia ndani ya inchi moja kutoka ukingoni, lazima apimwe wepesi wake, na akishindwa anaporomoka hadi chini.

*Frostgrave.* Askari wa upanga anakwenda inchi sita kwa kitendo cha kwanza na tatu kwa cha pili. Utalifikia sanduku raundi hii, lakini kulibeba ni kitendo kingine, kwa hiyo ni raundi ijayo. Ukishalibeba, mwendo wako unakatwa nusu. Hapa swali linakuwa nani atakulinda ukitoka, maana huwezi kumkimbia mtu ukiwa na sanduku mgongoni.

Mshale nao ni mashindano ya dadu za pande ishirini. Adui akipata 15, anaongeza 2 za ustadi wake, ni 17. Wewe ukipata 11, unaongeza 3 za upiganaji, ni 14, umepigwa. Kinga yako ya 12 inatolewa kwenye 17 yake, unapoteza afya 5. Kama ungekuwa nyuma ya kizuizi kizito ungeongeza 4 nyingine, ukafika 18, na mshale ungepita. Jambo la kushika ni hili: dadu za pande ishirini zinaruka sana. Mwenye upinde hohehahe anaweza kumwangusha shujaa wako kwa bahati tu. Anayetaka hesabu za uhakika atakereka.

Dawa yake ni uchawi. Kuna uwezo wa kuisogeza hazina isiyobebwa inchi sita kutoka mbali, kuna wa kutanda ukungu mbele ya macho ya mrushaji, kuna wa kusimamisha ukuta. Kwenye Frostgrave, swali la "nifanyeje na mwenye upinde" hujibiwa kabla ya mchezo, siku unapochagua uchawi wa mchawi wako.

*Warcry.* Hapa ni suala la mpangilio. Ukimsogeza mwenye upanga kwanza, mwenye upinde atajibu papo hapo. Ukimsogeza mwingine asiye na maana kwanza, unamlazimisha adui atumie mpiganaji wake, na pengine atamtumia huyo huyo mwenye upinde kwa shabaha mbovu. Kuna pia kitendo cha kungoja: mpiganaji anaacha zamu yake akiwa na kitendo kimoja mkononi, anakitumia baadaye katika raundi hiyo. Mbinu ya Warcry nzuri karibu yote iko hapo, katika kumfanya mwenzako aishiwe watu wa kusogeza kabla yako. Kupiga kwenyewe ni kwepesi: nguvu ya silaha ikizidi ugumu wa mwili wa adui unahitaji 3, zikilingana 4, ikipungua 5. Kizuizi kinaongeza ugumu kwa 1, kwa hiyo ukuta unaweza kuibadilisha 4 kuwa 5. Hakuna dadu ya kujikinga baada ya hapo.

*Song of Blades.* Hapa hesabu ni tamu. Mpiganaji mwenye Ubora wa 4 akirusha dadu tatu, uwezekano wa zamu kukatika ni nusu kwa nusu. Akirusha mbili ni robo. Akirusha moja hakuna hatari kabisa, ila hafanyi mengi. Sasa mweke kiongozi wake karibu: anaongezewa 1 kwenye kila dadu, anakuwa kama mwenye Ubora wa 3, na dadu tatu zinakatisha zamu mara 7 tu kwa kila 27. Kwa hiyo kabla hujamgusa mwenye upanga, msogeze kiongozi, kwa dadu moja au mbili, asikukatie zamu yeye mwenyewe. Kisha wale wa uhakika. Yule wa kubahatisha awe wa mwisho.

Mapigano yanakwisha haraka. Kila mmoja anarusha dadu moja na kuongeza nguvu yake ya vita. Aliyezidiwa anasukumwa nyuma au anaanguka, na aliyezidiwa mara mbili anakufa. Ukizidishwa mara tatu, unakufa kifo kibaya kiasi kwamba wenzako walio karibu wanapimwa kama watakimbia. Aliyelala chini akipigwa tena akashindwa, ndio basi. Kumwangusha mtu ukiwa na rafiki mwenye zamu pembeni kunalipa kuliko kumtafutia kifo cha moja kwa moja.

Vifaa na gharama

Hapa michezo inaachana sana, hasa kwa aliye mbali na Nairobi.

Frostgrave na Song of Blades haijali visanamu vyako vimetoka wapi. Vinunue, vichonge, au vichapishe kwa karatasi ngumu pale saiba, uvikate na uvisimamishe. Kwa chini, kifuniko cha soda ndicho kitako cha bei nafuu nchini. Kwenye baraza za Nakuru upepo huangusha karatasi kila dakika, kwa hiyo gandisha sarafu ya shilingi kumi ndani ya kifuniko. Inaingia bila kulazimishwa, na kisanamu kinatulia. Wachongaji wa Tabaka, Kisii, wamekuwa wakitengeneza seti za sataranji za mawe ya sabuni miaka mingi. Seti moja ni vikosi viwili tayari, ingawa ukiangusha farasi sakafuni ya saruji atapoteza sikio.

Song of Blades unataka dadu za kawaida za pande sita, zilezile za ludo, tatu tu. Hupimi kwa inchi. Unakata vijiti vitatu, kifupi, cha kati na kirefu. Frostgrave unataka dadu za pande ishirini, na hizo huzipati kibandani. Programu ya simu inatosha, mradi wote mwone kioo. Futi ya fundi cherehani ina inchi upande mmoja, hiyo inatosha kupimia.

Mordheim haichapishwi tena. Visanamu vyake vya asili ni vya kuwinda kwa waliovichoka, lakini hakuna anayekukataza kutumia vingine. Unakula dadu za pande sita kwa wingi. Shida yake ni meza: magofu yake yanapendeza yakiwa marefu, yenye ghorofa na madaraja, juu ya eneo la futi nne kwa nne. Hiyo ni meza nzima ya chakula, na mama mwenye nyumba hukumbuka meza yake saa kumi na mbili jioni.

Warcry ndio ghali. Umejengwa juu ya visanamu vya kampuni yenyewe, vinavyoagizwa nje, na ushuru na nauli humezwa na mnunuzi. Fidia yake ni ukubwa: uwanja ni inchi 22 kwa 30 tu. Unaingia kwenye meza ya sebuleni ya nyumba ya kupanga pale Kondele au Section 58, vikombe vya chai vikibaki mezani.

Wiki hadi wiki

Mordheim ni mfalme wa visa. Unaanza na taji za dhahabu 500, unaajiri watu, na kila mapambano yanaacha alama. Shujaa aliyetolewa vitani anarushiwa dadu mbili zinazosomwa kama nambari kutoka 11 hadi 66. Kutoka 11 hadi 15 amekufa. Nambari nyingine zinamvunja mguu, zinampora silaha, zinamfanya mateka, au zinampeleka kuuzwa kwenye shimo la mapambano. Wafuasi wa kawaida hawana hadithi: 1 au 2 kwenye dadu moja, wamezikwa. Kikosi kinaweza kudhoofika hadi hakipandi tena, na mchezaji aliye nyuma akaacha kuja. Hilo mlijue mapema.

Frostgrave ni wa huruma zaidi. Askari aliyeanguka anakufa kwa 1 hadi 4 kwenye dadu ya ishirini, na katika toleo la pili wale wa ngazi ya chini kabisa hawana gharama ya kuwaajiri, kwa hiyo hutakosa watu. Anayekua ni mchawi na uwezo wake. Askari wako hata majina hutawapa.

Warcry una kampeni ya wiki hadi wiki pia, ila watu wengi huucheza kama mechi moja moja. Song of Blades unakupa fomula ya kuhesabu pointi za kiumbe chochote unachokibuni, na kikosi cha kawaida ni pointi 300. Hapa ndipo mtu wa Nyanza anaweza kumweka Luanda Magere mezani, mwili wa jiwe na kivuli chenye siri, bila kungoja mwandishi wa Ulaya ambaye hajawahi kumsikia.

Ubishi wa kanuni

Mordheim: huruhusiwi kupima kabla ya kutangaza shambulio. Ukikosea umbali, mpiganaji wako anasogea mwendo wake wa kawaida tu na kubaki wazi. Wenye jicho zuri hufaidi, wengine hushuku. Pia hairuhusiwi kurusha kwenye kundi linalopigana. Frostgrave inaruhusu, ila anayepigwa anachaguliwa kwa bahati, na anaweza kuwa ndugu yako.

Frostgrave pia ina nyongeza ya 2 kwenye dadu ya vita kwa kila mpiganaji wako mwingine anayemgusa adui huyohuyo bila kuwa na vita vingine. Watu husahau hicho kipengele cha pili. Warcry ina ubishi mdogo kuliko yote, kwa sababu kadi za wapiganaji zimeandikwa kwa alama fupi. Song of Blades ina kanuni chache, na pale zisipofika mtaamua wenyewe. Andikeni mlichoamua, la sivyo mtakibishia tena wiki ijayo.

Kuhusu nani anaonekana na nani haonekani, yote minne inaishia kitu kimoja: inama, weka jicho usawa wa kisanamu, mwulize mwenzako naye ainame.

Uchague kwa hali yako

Mko wawili, hamna pesa, na hamjui kama mtaupenda: Song of Blades. Mtakuwa mnacheza siku hiyohiyo mliyochapisha karatasi, na mchezo mmoja hauchukui jioni nzima. Ukichukia kukatiwa zamu na dadu, usilazimishe.

Unapenda kupanga kabla ya kucheza, kuchagua uchawi na kufikiria jinsi unavyoungana: Frostgrave. Unafaa pia mtu anayecheza na kijana wake, kwa sababu askari wakifa hakuna msiba. Hauwafai wanaotaka mbinu ya uwanjani ishinde bahati.

Mna kundi la watu wanne au zaidi wanaokutana kwa uhakika, pengine Kakamega au Eldoret ambako mmoja ana nyumba yenye nafasi, na mnataka vikosi vyenye majina na makovu: Mordheim. Wekeni kanuni ya kumsaidia aliye nyuma tangu mwanzo. Kwa watu wanaokutana wakipata nafasi, kampeni itakufa katikati.

Unataka mashindano safi ya akili, mechi fupi, meza ndogo, na uko tayari kulipa: Warcry. Kabla hujaagiza chochote, tafuta mwenzako wa pili atakayenunua kikosi chake. Kikosi kimoja cha Warcry mjini kote ni pambo la kabati.

Kama mmegawanyika, mmoja akitaka Mordheim na mwingine Warcry, kuta na magofu mtakayojenga yatatumika kwote. Jengeni hayo kwanza kwa kadibodi za maduka ya Kibuye au za soko la Nakuru, yenye urefu wa zaidi ya inchi mbili kila ghorofa, na ngazi ambazo kifuniko cha soda kinaweza kusimama juu yake.